Peter Green: Anayerudi Si Lazima Arudi Vilevile



Nilipokuwa seminarini, mmoja wa walezi wetu alikuwa na desturi ya kutupigia muziki kila Jumapili jioni baada ya Masifu ya Jioni. Alikuwa na redio ya kanda iliyokwisha kuchakaa, na miongoni mwa kanda zake ilikuwapo moja aliyoipenda kupita zote. Humo mlikuwa na kipande cha gitaa kisicho na neno hata moja, kinachokwenda polepole mithili ya ndege mkubwa apaaye juu ya bahari bila kupiga mbawa. Sisi vijana tulizoea muziki wa kuchangamka, na mwanzoni tulipiga miayo. Baada ya majuma machache tulikuwa tunakiomba wenyewe. Kipande kile kinaitwa "Albatross", na aliyekitunga ni Mwingereza aitwaye Peter Green.

Miaka mingi baadaye nilipata kusoma habari za maisha yake, na tangu hapo hayajanitoka moyoni. Leo ningependa tutafakari pamoja, si sana juu ya muziki wake, bali juu ya jambo moja katika maisha yake: kurudi kwake jukwaani baada ya miaka mingi ya ugonjwa wa akili. Swali langu ni hili: mtu aliyeanguka akiwa kileleni, anaporudi, sisi tuliokaa chini ya jukwaa tuna haki ya kumdai nini?

Najua wapo watakaouliza, "Padre, habari za wapiga roki zinatuhusu nini?" Nawasihi mnivumilie hadi mwisho.

KIJANA WA BETHNAL GREEN

Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1946 huko Bethnal Green, mashariki mwa jiji la London, katika familia ya Kiyahudi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Peter Allen Greenbaum. Mwaka 1966, akiwa hajatimiza umri wa miaka 20, alipewa kazi ambayo wengi wangeikimbia: kuchukua nafasi ya Eric Clapton katika bendi ya John Mayall. Clapton alikuwa amekwisha kuwa mtu mashuhuri mno, kiasi kwamba mashabiki waliandika kwenye kuta za London kuwa yeye ni Mungu. Kufuru hiyo tuiache ilivyo. Ninachotaka mkione ni uzito wa kiti alichokalishwa kijana huyu. Kila usiku alisimama mbele ya watu waliokuja wakiwa na jina la mwingine vinywani. Albamu aliyorekodi pamoja na Mayall, "A Hard Road", ilitoka mwaka 1967, na baada ya hapo hakuna tena aliyeuliza Clapton amekwenda wapi.

Siri yake haikuwa kasi. Katika zama ambazo vijana wenzake walishindana nani atapiga noti nyingi zaidi kwa dakika, yeye alipiga chache, akaziacha zipumue. Alijua kunyamaza mahali panapostahili, kama msomaji mzuri wa masomo ya Misa ajuaye kwamba nukta nayo ni sehemu ya somo. Hata gitaa lake, Gibson Les Paul ya mwaka 1959, lilikuwa na kasoro iliyogeuka kuwa baraka: sumaku ya mojawapo ya vinasa sauti vyake ilikuwa imewekwa kinyume, na kwa hiyo vinasa viwili vilipofanya kazi pamoja sauti ilitoka nyembamba na yenye uwazi ndani yake, kana kwamba mtu analia katika chumba cha pili. B.B. King, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwalimu wa wapiga bluzi wote wa kizazi kile, aliisifu sauti ya Green kuwa tamu kuliko ya wengine wote aliopata kuwasikia.

Mwaka huohuo wa 1967 aliunda bendi yake mwenyewe. Desturi ya biashara ile ilikuwa wazi: bendi ingebeba jina la kiongozi, mpigaji ambaye watu wamelipa kiingilio kuja kumwona. Yeye aliiita Fleetwood Mac, kwa majina ya mpiga ngoma Mick Fleetwood na mpiga besi John McVie, watu wawili wanaosimama nyuma. McVie alikuwa hata hajakubali kujiunga! Bendi hiyo ilikuja kuuza mamilioni kwa mamilioni ya santuri miaka mingi baada ya mwanzilishi wake kuondoka, na hadi leo inaitwa kwa majina ya wale wawili.

Ndani ya miaka mitatu Green alitunga nyimbo ambazo wengine wangeridhika kuzitunga katika maisha yao yote. "Black Magic Woman" ya mwaka 1968, ambayo watu wengi hudhani ni ya Carlos Santana, ni yake. "Albatross" ilifika nafasi ya kwanza nchini Uingereza mapema mwaka 1969, na hata Beatles wakaazima mwendo wake katika wimbo wao "Sun King". Kisha wakaja "Man of the World" na "Oh Well". Usikilizapo "Man of the World" unamsikia mtu aliyepewa kila kitu ambacho vijana hukitamani, na bado ana huzuni asiyoweza kuieleza. Watu walicheza na kushangilia. Sijui ni wangapi waliosikia kwamba kijana yule alikuwa akiomba msaada.

KUANGUKA

Yaliyofuata yamesimuliwa kwa namna nyingi, nami nitashika yale ambayo hayana ubishi. Green alianza kuudhiwa na fedha alizokuwa akizipata. Aliwataka wenzake watoe mapato ya bendi kwa ajili ya wahitaji, wenzake hawakukubali. Akaanza kupanda jukwaani amevaa kanzu, msalaba mkubwa ukining'inia kifuani. Wimbo wake mkubwa wa mwisho na bendi ile, "The Green Manalishi" wa mwaka 1970, mwenyewe alieleza kwamba unahusu fedha, ikiwakilishwa na ibilisi. Wakati huohuo alikuwa akitumia dawa ya kulevya iitwayo LSD, na wenzake wamesimulia kwamba baada ya usiku mmoja jijini Munich, mwezi Machi 1970, hakuwa tena mtu waliyemfahamu. Mwezi Mei mwaka huo aliiacha bendi. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Hapa, ndugu zangu, tunajaribiwa kwa namna mbili. Wapo watakaosema kwamba kutaka kugawa mali kulikuwa dalili ya wazimu tu. Wakristo tujihadhari na kauli hiyo, kwa maana tunamjua kijana mmoja tajiri katika Injili aliyeshauriwa kufanya jambo hilohilo, na aliyeondoka na huzuni ni yule aliyeshindwa kulifanya. Wapo wengine watakaotaka kumfanya mtakatifu kwa sababu hiyohiyo. Nao wajihadhari. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, na ugonjwa wake ulikuwa wa kweli, na vyote viwili viliishi ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Moyo wa mwanadamu haugawanyiki kwa mstari ulionyooka kama shamba lililopimwa. Kumheshimu mgonjwa ni pamoja na kukubali kwamba si kila alitendalo ni la ugonjwa, na si kila alitendalo ni la hekima iliyofichika.

Madaktari walimkuta na skizofrenia. Katika miaka ya katikati ya 1970 alilazwa katika hospitali za magonjwa ya akili na kupewa tiba ya mshtuko wa umeme. Mwaka 1977 alikamatwa baada ya kumtishia mhasibu wake kwa bunduki, katika mzozo uliohusu fedha zilezile ambazo zilikuwa zimemwelemea. Gitaa lile la sumaku iliyogeuzwa alikuwa amekwisha kumwachia kijana mwenzake, Gary Moore, kwa bei ndogo. Aliinuka kidogo mwishoni mwa miaka ya 1970 na kurekodi albamu kadhaa, ya kwanza ikiwa "In the Skies" mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980 akazama tena, na dunia ikamhesabu miongoni mwa waliokwisha.

Aliyemwokoa hakuwa meneja wala kampuni ya santuri. Kaka yake na shemeji yake, pamoja na mama yake mzazi, walimchukua wakakaa naye katika mji wa pwani wa Great Yarmouth. Hakuna aliyeandika wimbo juu ya nyumba ile. Mimi naamini kwamba kila siku ya chai na mkate katika nyumba ile ilikuwa kubwa kuliko onyesho lolote alilopata kulifanya. Ninyi mnaomtunza nyumbani mgonjwa wa namna hii mnanielewa.

KURUDI

Mwaka 1996 Peter Green alirudi jukwaani akiwa na bendi iliyoitwa Splinter Group. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 50. Kijana mwembamba wa mwaka 1969 alikuwa amegeuka kuwa mzee mnene, mpole, asiye na haraka. Kando yake alisimama rafiki wa tangu zamani, Nigel Watson, aliyemsaidia kujifunza upya gitaa ambalo vidole vyake vilikuwa vimelisahau. Nyuma alikaa mpiga ngoma Cozy Powell, mtu mwenye jina lake mwenyewe, ambaye alifariki katika ajali ya gari mwaka 1998.

Tulitazame jambo hilo kwa makini, kwa sababu fundisho lote limo humo. Green hakurudi kuwa kiongozi wa mbele. Sehemu nyingi za gitaa ambazo zamani zingekuwa zake, Watson alizipiga. Green alipiga alizoziweza, akaimba kwa sauti iliyokuwa imeshuka na kukwaruzika, na mara nyingine akaliweka gitaa chini akapiga kinanda cha mdomo. Hata nyimbo walizozichagua hazikuwa zote za ushindi wake wa zamani. Mwaka 1998 walitoa albamu ya nyimbo za Robert Johnson, yule Mmarekani mweusi aliyerekodi nyimbo 29 tu huko Texas katika miaka ya 1936 na 1937, kisha akafa akiwa na umri wa miaka 27. Mwaka 2000 walitoa albamu ya pili, "Hot Foot Powder", wakazimaliza zote 29. Nadhani ni uchaguzi wa mtu mwenye busara. Aliyepotea njia harudi kwenye kilele alikoangukia. Hurudi mwanzo, kwenye chemchemi alikonywea maji mara ya kwanza, akajifunza tena kunywa.

Mwezi Januari 1998 huko New York, Fleetwood Mac waliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, naye Green akiwa miongoni mwao. Usiku ule hakupiga na bendi aliyoiunda, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa ya nyimbo nyingine na watu wengine. Alisimama pamoja na Carlos Santana wakapiga "Black Magic Woman", wimbo ambao mmoja aliuzaa na mwingine akaulea. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

HOJA ZA WANAOLALAMIKA

Mashabiki wengi wa zamani walifurahi kumwona akiwa hai. Lakini palikuwa, na hadi leo pangalipo, malalamiko ya aina mbili, na si haki kuyapuuza.

Lalamiko la kwanza husema: mtu huyu alikuwa dhaifu, na kumpandisha jukwaani kulikuwa kumtumia. Watu walilipa kiingilio kutazama jina, na nyuma ya jina alikuwapo mgonjwa. Hoja hii ni nzito, na anayeitoa mara nyingi anaitoa kwa upendo. Biashara ya muziki haina sifa ya huruma. Mimi naipima hoja hii kwa kipimo kimoja: je, mlango wa kutokea ulikuwa wazi? Anayetumiwa haruhusiwi kuondoka. Mapema mwaka 2004 Green aliondoka. Ziara ikafutwa, albamu iliyokuwa ikirekodiwa ikaishia njiani, naye akaenda zake Sweden. Mwaka 2009 akarudi tena kwa hiari na kundi aliloliita Peter Green and Friends, wakazunguka hadi mwaka 2010, kisha akapumzika. Mtu aliyeweza kuacha, akarudi, akaacha tena, si punda wa mtu. Huyo ni mtu huru, ingawa uhuru wake ni wa kuchechemea.

Lalamiko la pili ni baya zaidi, kwa sababu limevaa nguo za heshima. Linasema: angetuachia kumbukumbu yake ikiwa safi. Heri tungebaki na yule wa mwaka 1969 kuliko kumwona huyu wa sasa anayetafuta noti kwa vidole vizito. Ndugu zangu, tusikilize vizuri kinachosemwa hapo. Kinachosemwa ni kwamba kumbukumbu yetu ni ya thamani kuliko mtu. Tunamwambia aliye hai kwamba angetufaa zaidi akiwa picha ukutani. Na uzito ule wa vidole haukuwa uvivu. Green mwenyewe alieleza kwamba dawa alizotumia kutuliza ugonjwa wake zilimfanya ashindwe kukazia akili jambo, na zilimpunguzia hamu ya kulishika gitaa. Alikuwa analipa utulivu wake kwa sarafu ya kipaji chake. Wangapi kati yetu tungekubali bei hiyo? Na anayeilipa kila asubuhi kwa kumeza vidonge, ana deni gani tena kwetu?

Msimamo wangu basi ni huu, na nausema bila kuficha: Peter Green alifanya vema kurudi, hata kama hakurudi kuwa alivyokuwa. Jukwaa halikuwa la kumbukumbu zetu. Lilikuwa la kazi yake. Na kazi ya mtu ni sehemu ya uponyaji wake, si zawadi anayopewa baada ya kupona kabisa.

TUANGALIE NYUMBANI KWETU

Sasa nirudi kwa swali mliloniuliza mwanzoni, habari hizi zinatuhusu nini. Nitawaungamia jambo.

Katika parokia moja niliyotumikia zamani, alikuwapo kijana aliyepiga kinanda Misa ya pili. Alikuwa na kipaji cha pekee. Akaugua akili. Siku moja alivurugikiwa katikati ya mazoezi ya kwaya, akapelekwa hospitali, akakaa huko miezi. Aliporudi alikuwa ametulia, amenenepa kwa sababu ya dawa, na mikono ilikuwa ikimtetemeka kidogo. Alikuja ofisini akaniomba arudi kwenye kinanda. Krismasi ilikuwa inakaribia. Viongozi wa kwaya walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba ataiaibisha kwaya. Nikamjibu kwa sauti ya upole sana: "Mwanangu, pumzika kwanza. Afya ndiyo muhimu. Tutaongea mwakani."

Nilidhani ni huruma. Ilikuwa kufunga mlango kwa mkono laini. Kijana yule aliitikia, "Sawa, Baba Paroko," akaondoka. Mwakani hakuja kuniuliza, wala mimi sikumwita. Aliendelea kusali Misa ya pili, lakini alikaa benchi la nyuma kabisa, na alitoka kila mara kabla ya wimbo wa mwisho. Nilimwona akitoka, Jumapili baada ya Jumapili, hadi nilipohamishwa.

Tunaikumbuka habari ya yule mtu wa makaburini ambaye Bwana wetu alimponya katika nchi ya Wagerasi. Watu wa kijiji walikuja wakamkuta ameketi, amevaa nguo, akili zimemrudia. Mwinjili hatuambii kwamba walishangilia. Anatuambia kwamba waliogopa, wakamsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Walikuwa wamezoea kumwona akiwa amefungwa minyororo, na walijua jinsi ya kuishi na mgonjwa. Hawakujua jinsi ya kuishi na aliyepona. Niliposoma maisha ya Peter Green nikamkumbuka mtu yule, na nilipomkumbuka mtu yule nikamkumbuka kijana wangu wa kinanda.

Tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Katika jumuiya zetu ndogondogo wamo watu waliorudi kutoka hospitali za akili, waliorudi kutoka kwenye ulevi, waliorudi kutoka gerezani. Tunawaita majina nyuma ya migongo yao. Mama akimtuma mwanawe dukani, majirani hutazamana. Na kila mmoja wao tunampima kwa kipimo kilekile: je, amekuwa kama zamani? Akiwa hajawa kama zamani, tunamwambia apumzike kwanza.

Nawaombeni mambo matatu, nami nayaomba nikiwa wa kwanza kuyahitaji.

La kwanza, tumpe anayerudi mtu wa kukaa naye kando. Green asingeweza kurudi peke yake. Alihitaji Watson, mtu mwenye uwezo wa kupiga sehemu ngumu bila kujitangaza, na wa kunyamaza mwenzake anapoweza. Kama ningekuwa na akili ningemwambia yule kijana: "Njoo Jumamosi, ukae pamoja na mpigaji wetu wa sasa, piga wimbo mmoja tu wa sadaka." Wimbo mmoja usingeiaibisha Krismasi.

La pili, tusimdai arudi vilevile. Huenda atarudi na nusu ya uwezo. Tuipokee nusu hiyo ikiwa nzima. Na hapa niseme kwa nguvu zangu zote: asitokee mtu akamwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa, au kwa sababu dawa zinamfanya kuwa mzito. Sala na dawa si maadui. Wazito wengi tunaowaona wakitembea polepole barabarani wako hai kwa sababu ya uzito huo.

La tatu, tumwachie mlango wazi pande zote mbili. Akitaka kuja, aje. Akichoka, aende bila aibu. Akirudi tena baada ya miaka mitano, kiti chake kiwepo. Lazaro alipotoka kaburini alikuwa bado na sanda, na kazi ya kumfungua waliachiwa waliosimama pale. Muujiza ni wa Mungu, lakini mafundo tumeachiwa sisi.

MWISHO

Tarehe 25 Februari 2020 Mick Fleetwood, yule mpiga ngoma aliyezawadiwa jina la bendi, aliandaa onyesho kubwa katika ukumbi wa Palladium jijini London kwa heshima ya rafiki yake. Wapiga gitaa mashuhuri walikuja mmoja baada ya mwingine kupiga nyimbo zake. Lile gitaa la mwaka 1959 nalo lilikuwapo, mikononi mwa Kirk Hammett wa bendi ya Metallica, aliyelinunua mwaka 2014. Ukumbi ulijaa. Mwenye nyimbo hakuwapo. Hakwenda. Miezi mitano baadaye, tarehe 25 Julai 2020, Peter Green alifariki usingizini akiwa na umri wa miaka 73.

Zamani nilidhani kutokuwapo kwake usiku ule kulikuwa jambo la kusikitisha. Siku hizi nalitazama vingine. Alikuwa amekwisha kurudi, kwa miaka yake na kwa kiasi chake. Hakuhitaji tena kuthibitisha neno mbele ya mtu yeyote, na waliompenda walimwimbia bila kumlazimisha asimame mbele yao. Hivyo ndivyo mtu apendwavyo.

Jumapili hii, wimbo wa mwisho utakapoanza, mtazame anayetoka mapema kupitia mlango wa nyuma. Pengine ana haraka zake tu. Pengine ni mtu ambaye mimi, au wewe, tulimwambia apumzike kwanza. Mfuate nje, umsalimie kwa jina lake.



Paroko wenu